Mnara wa Kijijini Kwenu Uko Kurasa za Nyuma

Steshenari yangu iko Mwanga, Kigoma mjini. Wateja wengi ni wa vyeti na fomu za mikopo, lakini boti zikishusha watu wa mwambao pale Kibirizi, hakosekani mmoja wa kuniuliza: "Mwanangu, hebu tutafutie humo kwenye kompyuta, ule mnara tulioahidiwa unakuja lini?"

Si siri. Ila watu huomba karatasi isiyohusika. Hukimbilia Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2016, wakalipia kurasa kibao. Sera hueleza Serikali inataka nchi ielekee wapi. Vijiji kama Kagunga na Mwamgongo huvikuti humo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 nayo utaihitaji ukigombana na kampuni ya simu.

Ninayoprinti mimi ni hotuba ya bajeti ya wizara yenye dhamana ya mawasiliano. Husomwa bungeni Dodoma, mara nyingi mwezi Mei, tena kwa Kiswahili, halafu hupandishwa mtandaoni. Mwanzoni ni shukrani na pongezi, ruka. Shuka hadi kwenye viambatisho, utafute majedwali ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma kule ambako kampuni hazioni faida. Mei 13, 2023, Mfuko huo ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya minara 758 katika kata 713. Orodha za namna hiyo hutaja mkoa, wilaya, kata, kijiji na kampuni iliyopewa kazi. Ukishajua kampuni, umejua pa kubisha hodi.

Soma safu ya kijiji, usiishie kwenye kata. Kaskazini ya mji, kuelekea Gombe, milima inashuka hadi majini. Mnara ukisimama upande wa pili wa mlima, kata itahesabika imefikiwa, huku wavuvi wa ufukweni wakipanda juu kutafuta mtandao. Kule Kagunga, mpakani kabisa, simu inaweza kushika mtandao wa Burundi, na salio likaondoka bila kuaga. Jedwali halisemi hayo, lakini ukiwa nalo mkononi unakuwa na la kumwuliza diwani.

Kuna karatasi ninayoipenda kuliko hotuba: Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, tuliyozoea kuiita Hansard. Mbunge anauliza kuhusu mawasiliano ya jimbo lake, naibu waziri anajibu, na jibu linabaki limeandikwa na tarehe yake. Ahadi ya jukwaani haina tarehe. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nayo hutoa takwimu kila robo mwaka, zikiwemo za laini za simu kwa kila mkoa. Zinafaa kwa mwanafunzi; mtu wa Mwamgongo hazimsaidii sana.

Zamani kuzipata karatasi hizi ilikuwa kazi kweli. Gazeti la Serikali la kila Ijumaa na nakala za sheria vilikuwa vya kuagiza kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Wa huku alimbembeleza anayepanda treni, safari ya kilomita zaidi ya 1,200.

Siku hizi, usipoipata mtandaoni taarifa unayoitaka, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika kwa taasisi ya umma, nayo inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Anaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Akikataliwa, anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mzee mmoja aliniletea barua ndefu inayoanzia kuanzishwa kwa kijiji chao. Tulibakiza mistari minne: yeye ni nani, kijiji na kata, taarifa anayoitaka, ya mwaka gani. Nikamtolea nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili lazima igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.