Shati Lililomwasha Gorila

Sogeeni karibu na moto, wajukuu. Nikisema "Nilikuja nikaona", jibuni kama walivyojibu babu zetu hapa Buhaya: "Ona, nasi tuone!"

Nilikuja nikaona msitu wa Bwindi, Uganda, makao ya gorila wa milimani. Gorila akiingia kibanjani hahangaiki na mkungu kama ninyi. Anapasua mgomba wenyewe na kutafuna kiini chake cheupe. Kwa hiyo wakulima wa huko walisimamisha watu wa matambara, wakawavika mashati makuukuu ili wawatishe wanyama. Gorila hakutishika. Ni mdadisi kama mtoto: anashika, ananusa.

Mwaka 1996 gorila wa kundi la Katendegyere walianza kujikuna kutwa. Manyoya yakanyonyoka, ngozi ikafanya magamba meupe. Akaitwa Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari kijana wa wanyamapori. Naye akamuuliza daktari wa watu: ugonjwa gani wa ngozi umeenea vijijini? Akajibiwa: upele. Huenda ulitoka kwenye mashati yale.

Sasa, gorila hapangi foleni zahanati wala hapandi mizani. Daktari hukisia uzito wake kwa macho, hujaza dawa katika sindano yenye umbo la mshale, kisha humfyatulia kwa bunduki maalumu. Katoto kamoja kalikuwa kamezidiwa, kakafa. Waliobaki wakapona.

Dawa yenyewe ni ivermektini, na asili yake ni udongo. Satoshi Ōmura wa Japani alichota udongo karibu na uwanja wa gofu, akakuta bakteria mpya. William Campbell na wenzake huko Marekani wakaona kwamba bakteria huyo anatoa kitu kinachoua minyoo, na hata vijidudu kama vya upele. Ikawa dawa ya mifugo, kisha ya watu, na siku moja ikamfikia gorila. Mwaka 2015 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel.

Lakini sindano iliponya ngozi tu. Shati lilibaki shambani, na mwenye shati bado alijikuna. Ndiyo maana mwaka 2003 Dkt. Gladys na wenzake walianzisha shirika linaloangalia afya ya watu na ya gorila kwa pamoja. Na gorila hawajaisha: hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilipata gorila wa milimani 1,063 duniani kote.

Nilipoyaona hayo nikarudi kuwasimulia. Kesho mkienda kumsimamisha mtu wenu wa matambara kwenye mahindi, mfulieni shati kwanza.