Daftari la Madeni Lisiachwe Kaunta

Ingia duka la mtaani Embulbul jioni, utakuta daftari limefunguliwa kaunta: jina la mteja, namba ya simu, deni lake. Kwako ni hesabu tu. Kwa tapeli, hiyo ni orodha ya watu wa kupigia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ulinde taarifa hizo, hata kama duka ni dogo. Zikivuja na kuwaweka wateja hatarini, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ugundue.

Na usichome karatasi ukidhani umemaliza kazi! KRA nayo inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5.

Tunashauri hivi:

• Mauzo yawe kitabu kimoja, madeni kingine, na hicho kifungiwe kwenye droo.
• Pakua taarifa ya malipo kila mwisho wa mwezi. Simu ikiibiwa, hesabu inabaki.
• PIN usimpe mtu, hata mfanyakazi unayemwamini.
• Namba ya aliyelipia unga usiitumie kumtumia matangazo kabla hajakubali.

Mteja akijua jirani hasomi deni lake, atarudi kulilipa.