Sura ya Saba: Gari Lililoziba Geti

Saa kumi alfajiri mtu aligonga dirisha langu kwa nguvu. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, anahema. "Mjumbe, amka. Baba presha imepanda, mdomo umeanza kwenda upande, na gari haliwezi kutoka. Kuna Noah imeziba geti."

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, Kijitonyama, Dar es Salaam. Nilitoka na kandambili. Noah nyeupe ilikuwa imesimama sambamba na geti, imelala pale kama iko kwao. Tulikusanyika wanaume wanane tukajaribu kuisukuma, lakini breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Tukapiga vioo, alamu ikalia, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia, na mwenye gari hakutokea. Mwishowe kijana mmoja alikimbia hadi barabara ya lami akarudi na bajaji. Mzee alipakiwa nyuma, kichwa mapajani kwa binti yake. Alipona, ingawa mkono wa kushoto haukurudi kuwa ule wa zamani, na hadi leo hakuna anayeweza kusema kama ni zile dakika arobaini zilizouchukua.

Mwenye Noah alikuja saa mbili asubuhi. Alikuwa amelala gesti ya jirani. Alikuta umati, na kijana mmoja kashika msumari mkononi. Akasema neno moja lililowachefua wote: "Sikujua kama hapa panatoka mtu." Nami nilichefuka. Lakini jioni nilirudi kulitazama lile geti kwa jicho la mgeni. Lilikuwa la mabati yenye kutu, rangi yake moja na ukuta. Mbele yake majani yalikuwa yameota, kwa sababu mzee alikuwa akitoa gari lake mara moja kwa wiki, Jumapili. Taa haikuwepo. Usiku, kwa mtu asiyeujua mtaa, pale palikuwa ukuta tu. Yule bwana hakuwa amesema uongo.

Naanza na kisa hiki kwa sababu tunapozibiwa njia, jambo la kwanza tunaloamini ni kwamba tumedharauliwa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi, mwenye gari hakuwa amekufikiria hata kidogo, na hilo nalo lina maumivu yake, ila dawa yake ni nyingine kabisa.

Kwanza tuelewe magari haya yalifikaje milangoni mwetu. Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa katika ule mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilikusudiwa familia za kipato cha chini na cha kati, watu wa kutembea kwa miguu na kupanda basi, na mitaa ya ndani ikachorwa kwa vipimo hivyo. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na magari yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini, mengi yakitoka Japani. Nyumba zile zile nazo zikabadilika. Ua uliokuwa na mwembe na nafasi ya gari moja ukajengwa vyumba vya kupangisha. Ukuta wa mbele ukasogezwa hadi mwisho wa kiwanja, na wengine wakauvusha. Baraza likawa fremu za maduka. Nyumba iliyokuwa na familia moja isiyo na gari sasa ina wapangaji sita wenye magari matatu, saluni, na wateja wa saluni.

Japani yenyewe iliona balaa hili mapema. Tangu sheria yao ya mwaka 1962, mtu hupaswa kuonyesha kwamba ana mahali pa kuegesha gari, nje ya barabara, ndipo gari la kawaida liandikishwe kwa jina lake. Polisi ndio wanaotoa hati hiyo, na mahali penyewe, kwa kanuni ya sasa, pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Sisi tulipokea magari yale yale bila sharti lililoyaongoza kwao, na kila usiku yanatafuta pa kulala kwenye mitaa iliyochorwa bila kuyafikiria.

Hapo ndipo unapozuka ubishi mkubwa kuliko wote, wa mtu anayesema "mbele ya nyumba yangu". Tulizungumzia mipaka ya viwanja katika sura ya uzio, kwa hiyo hapa nitasema kwa kifupi. Hati yako inaishia kwenye bikoni. Kipande kilichopo kati ya ukuta wako na njia ya magari ni cha barabara, hata kama wewe ndiye unayekifagia na umekipanda maua. Ulicho nacho kwa haki ni kuingia na kutoka getini kwako bila kizuizi. Urefu wa ukuta uliobaki si wako. Basi mtu aliyeziba geti amekukosea, lakini aliyeegesha kando ya ukuta wako, akaacha njia wazi, amekukera tu. Yale mawe yaliyopakwa chokaa, mapipa, na matairi yaliyojazwa zege ambayo watu huyapanga nje yanajaribu kugeuza kero kuwa kosa. Nimeyaona yakianzisha ugomvi mwingi kuliko ulioanzishwa na magari yenyewe.

Sasa tazama jambo moja ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam ameliona na pengine hajalitafakari. Ukitokea msiba, turubai hufungwa katikati ya mtaa. Viti vya plastiki vinajaa barabarani, masufuria ya pilau yanakaa juu ya mafiga pale pale magari yanapopita, na mtaa unafungwa siku mbili au tatu. Madereva wanafika, wanaona turubai, wanarudi nyuma taratibu, wanazungukia mtaa wa pili. Hakuna anayepiga honi. Wengine wanaegesha huko waliko na kuja kukaa. Siku ya nne, mahali pale pale, gari moja likiziba njia kwa nusu saa, watu wanataka kupigana.

Kwa kuziba, msiba umeziba zaidi. Tofauti ni kwamba habari za msiba zilitangulia. Mtu alipita nyumba kwa nyumba na daftari la rambirambi, ukatoa chako, ukaandikwa. Unajua nani kafiwa na turubai litaondoka lini. Tena unajua kwamba siku yako ikifika, watu hawa hawa ndio watakaokuachia njia. Gari lililoachwa getini halina jina wala saa, na halina chochote cha kukudai au kukulipa.

Mwanasheria Mmarekani Robert Ellickson aliona jambo la namna hiyo kati ya wafugaji wa Shasta, kaskazini mwa California. Alitaka kujua majirani wanafanya nini ng'ombe wa mmoja wakivamia ardhi ya mwingine, na matokeo aliyatoa kitabuni mwaka 1991. Wengi hawakuijua vizuri sheria inayohusu hasara hiyo, na hata walioijua hawakuitumia. Kila mmoja alikuwa na hesabu kichwani: leo ng'ombe wako wamekula kwangu, juzi ulinisaidia kutengeneza uzio, tuko sawa. Aliyezidisha deni alianza kusemwa, kisha akaonywa, na madai ya fidia yalikuja mwisho kabisa, ikiwa yalikuja. Wafugaji wale wangeuelewa mtaa wa Uswahilini kwa siku moja.

Kwa hiyo ukikuta gari limeziba, kazi yako ya kwanza ni kumpata mtu. Kama anayeumwa au anayejifungua yuko ndani, usianze na gari kabisa: tafuta usafiri mwingine huku mtu wa pili akimsaka mwenye gari. Sisi usiku ule tulipoteza nusu saa tukisukuma Noah. Bajaji ilikuwa mita mia nne kutoka pale.

Honi ndiyo silaha ya karibu zaidi, na haifai. Watafiti wawili, Ruback na Juieng, waliwapima madereva waliokuwa wakitoka kwenye maegesho ya duka kubwa nchini Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997. Dereva ambaye hakuna aliyemsubiri alichukua kama sekunde 32 kuondoka. Akisubiriwa, alichukua 39. Aliyesubiriwa na kupigiwa honi alichukua 43. Hakuwa na faida yoyote ya kubaki pale, alikuwa anaondoka, na bado mwili wake ulikataa kuamrishwa. Kumbuka hilo utakapotaka kulaza mkono kwenye honi saa tano usiku: unayemtaka hakusikii, na majirani ishirini waliosikia wameanza kukuhesabia wewe.

Karatasi kwenye kioo inasaidia kuliko honi, mradi iwe na jina na namba ya simu. Isiyo na jina husomwa kama tusi, hata ikiwa na neno "tafadhali". Na kama gari si la mgeni, weka kalamu chini. Jirani haandikiwi, jirani anafuatwa.

Mgeni humalizwa kwa namba ya simu na radhi mbili tatu. Mteja wa baa, saluni au gereji bubu usihangaike naye, maana kesho atakuja mwingine. Zungumza na mwenye biashara, ambaye ana mlinzi, anawajua wateja, na anauhitaji mtaa huu ili aendelee kufanya kazi. Mgumu ni jirani mwenyewe, yule unayesali naye au unayepanga naye foleni ya maji, na anajua kabisa kwamba hapo ni getini kwako.

Kwake nenda jioni, akiwa ameshakula, na usiende siku ile ile uliyozibiwa, moyo ukiwa bado na hasira. Usimwambie mbele ya watoto wake wala mbele ya wapangaji wake. Piga hodi, salimia kama unavyomsalimia siku zote. Kama ni wa kupewa shikamoo, apewe shikamoo yake kamili. Kisha sema shida, usiseme tabia. Mama mmoja mtaani kwetu alilisema hivi, nami nilikuwepo: "Jirani, nimekuja na shida ndogo. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nampeleka mtoto shule, na mara mbili wiki hii gari la shule limetuacha. Ukisogea hatua tatu kuelekea kwenye mwembe, tunapita wote." Kazi kubwa ilifanywa na ile saa na zile hatua tatu. Angemwambia "wewe kila siku unaziba watu", angemlazimisha kubishana juu ya neno "kila siku". Yule baba alikaa kimya, akasema, "Kumbe mnatoka mapema hivyo." Alikuwa dereva wa usiku, akirudi saa tisa. Alifikiri hakuna anayetoka kabla ya saa mbili, muda anaoamka kuliondoa.

Wapo ambao hawasikii. Kwa hao panda ngazi, na uipande kwa mpangilio: rudi mara ya pili ukiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili, kisha mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Piga picha zinazoonyesha tarehe na geti lenyewe, kwa sababu "kila siku" haina uzito ofisini na picha sita zina uzito. Juu ya hapo kuna baraza la kata, lililowekwa na sheria ya mwaka 1985 likiwa na kazi ya kupatanisha kwanza, na kuna askari wa usalama barabarani, kwa sababu kuacha gari mahali linapozuia wengine ni kosa la barabarani. Sipendi watu waanzie kwa askari. Gari litaondolewa leo, na wewe utaishi na mwenye nalo miaka kumi.

Kitu kimoja usikiguse ni gari lenyewe. Kutoa upepo, kukwaruza rangi, kuvunja kioo cha pembeni: dakika unayofanya hivyo, kesi inageuka. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, na yule aliyekuzibia geti anaingia kituoni akiwa mlalamikaji. Nilimwondolea yule kijana msumari mkononi asubuhi ile, na hakunishukuru. Mgonjwa alikuwa baba yake.

Wiki iliyofuata tulikaa watu kumi na wanne chini ya mwembe. Mwenye gesti alikubali kila mgeni mwenye gari aandikwe namba ya simu mapokezi, na funguo za akiba, kama zipo, zibaki kwa mlinzi. Mwenye geti la mabati alilipaka rangi nyeupe, akaandika kwa brashi USIPAKI HAPA, GARI LINATOKA, na akafunga balbu juu yake. Nasi wengine tuliandika namba za magari yetu na simu zetu katika daftari la mistari la kurasa 96, likawekwa dukani kwa Mangi, chini ya mzani, kwa kuwa Mangi ndiye anayefunga mwisho na kufungua kwanza. Gari linalozoeleka mtaani likiziba mtu usiku, unampigia Mangi. Daftari la kwanza limeshajaa. La pili lina jalada la bluu, na ukurasa wake wa kwanza una namba ya Noah nyeupe, kwa sababu yule bwana alihamia mtaani kwetu mwaka uliofuata.