Simba wa Shanga na Shaba za Nyumbani Mwetu

Katika kisiwa cha Pate, si mbali na Siyu, yamo magofu ya mji wa Shanga, uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wake wa Ijumaa, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua, katika miaka ya 1980, mabaki ya misikiti iliyoutangulia, ya awali ikiwa imejengwa kwa miti. Katika mji huo huo wa Kiislamu kilipatikana kisanamu kidogo cha simba, cha shaba, cha takriban mwaka 1100, chenye sura ya ufundi wa Bara Hindi.

Kilifikaje? Mwaka 1988 Horton na mwenzake Blurton walichapisha uchunguzi wao: mtindo ni wa Kihindi, lakini yamkini kilisubiwa papa hapa Afrika Mashariki. Hilo ndilo fumbo la shaba. Kigae cha udongo hubaki na alama ya kilikotoka. Shaba huyeyushwa, ikasubiwa upya, na asili yake ikapotea.

Msomaji asidhani kuwa watu wa Shanga waliiacha qibla yao. Jahazi zilikuja na kaskazi na kurejea na kusi. Baina ya pepo hizo mgeni alikaa kwa miezi, akila na wenyeji, naye ana mila zake na vyombo vyake. Wazee wetu walijua kumpokea mgeni bila kuipoteza dini yao.

Sasa tuitazame mirathi yetu. Mrashi wa arusi, chetezo cha udi, sinia na birika la bibi: hivi navyo ni shaba yenye habari. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani na mizani yake, na chombo cha vizazi vitatu huuzwa kwa kilo, kisha kikatiwa motoni. Simba wa Shanga alisalimika kwa kuwa alifunikwa na mchanga. Vyetu havina mchanga wa kuvihifadhi.

Basi, mama, kabla hujauza, muulize bibi: kililetwa na nani, kwa arusi ya nani, kutoka bandari gani? Yaandike majibu, na umwite mwanao asikilize. Shaba ikishayeyuka haisemi tena, na bibi naye hatutakuwa naye milele.