Mwani na Nasaba Zake

Katika majani yatupwayo na mawimbi ufuoni Diani, jina mwani huweza kujumlisha viumbe wa nasaba tatu. Nyasi za bahari zina mizizi, huchanua na kuzaa mbegu, kama mimea ya nchi kavu. Mwani mwekundu, ambao baadhi ya aina zake hulimwa Kibuyuni, kusini ya Msambweni, hauna mizizi wala maua, bali una udugu wa mbali na mimea hiyo. Mwani wa kahawia ni wa ukoo mwingine kabisa. Katika mafungu makuu matatu yaliyopendekezwa na Woese na wenzake mwaka 1990, wote wamo katika fungu la viumbe ambao seli zao zina kiini. Hutengana chini ya hapo. Jina la pwani hutaja makao na sura. Istilahi hutaja asili. Mwenye kuunda istilahi asilifute jina hilo, bali aliongezee sifa bainishi, mwanafunzi asije akadhani kuwa lugha yake imekosea.