Kamusi Si Mwalimu

Bodi ya majaribio ya elektroniki huja na orodha ya pini na volti, basi. Orodha hiyo ni kamusi. Nani aliyejifunza kusema kwa kamusi pekee?

Chukua Raspberry Pi Pico. Pini zake hufanya kazi kwa volti 3.3, ilhali kihisi cha umbali cha HC-SR04 hulishwa volti 5 na kurudisha ishara ya volti 5. Ukiviunganisha hivi hivi, unaweza kuichoma bodi. Dawa ni rezista mbili: ya omu 1,000 kutoka kwenye kihisi hadi kwenye pini, na ya omu 2,000 kutoka kwenye pini hadi upande wa hasi. Pini itapata volti 3.3 hivi.

Ukifaulu, andika hatua zako, tena kwa Kiswahili. Anayekufuata asijikwae ulipojikwaa.