Udongo Uwahi Ungali Maji: Mtoto Mwenye Ulemavu Afundishwe Mapema

Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe, ni nchi ya mkonge. Alfajiri wakataji hushika panga zao wakaenda shambani. Akina mama huenda kuteka maji, kulima au kuuza gengeni, na watoto wakubwa hushika njia ya shule. Nyumbani hubaki bibi na wajukuu wadogo. Lakini katika nyumba nyingine, huko na kwingineko nchini, hubaki pia mtoto ambaye si mdogo tena. Ana miaka sita au saba, lakini hatembei, au hasemi, au haoni. Majirani wamjua kwa sauti tu. Mgeni akipiga hodi, mlango wa chumba chake hufungwa.

Ndugu msomaji, tusiseme upesi kwamba wazazi wake hawampendi. Wamlisha, wamwogesha, wakesha naye akiugua. Lakini waona haya, na tena wangoja. Wangoja akue, wangoja apone, wangoja siku njema. Makala hii ni juu ya kungoja huko, kwa maana ndiko kunakowapotezea watoto wengi maisha yao.

MANENO YA BIBI

Tuseme mama mmoja ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mtoto hajaweza hata kukaa. Amwambia mama mkwe wake, "Mama, naona mtoto huyu shingo yake bado haina nguvu." Bibi amjibu kwa upole, "Mwache, mwanangu. Hata baba yake alichelewa. Siku yake ikifika atatembea."

Bibi asema kwa mapenzi, na mara nyingine husema kweli, kwa sababu watoto hawakui sawasawa. Lakini iko mipaka. Mtoto wa miezi miwili au mitatu yafaa afuate uso wa mama yake kwa macho, na kucheka akichekeshwa. Wa miezi minne au mitano aweze kushika kichwa chake. Wa miezi tisa aweze kukaa peke yake. Wa mwaka mmoja ageuke akiitwa jina. Wa mwaka mmoja na nusu atembee. Wa miaka miwili aweze kuunga maneno mawili, kama "mama njoo". Aliyepita mipaka hii apelekwe kliniki. Akionekana mzima, mama atakuwa amepoteza asubuhi moja tu. Akionekana ana kasoro, atakuwa ameokoa miaka.

KWA NINI MAPEMA?

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Katika jambo hili walisema sawa kabisa na madaktari wa leo. Katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto hukua upesi kuliko wakati mwingine wowote, na kila kiungo hujifunza kazi yake.

Tazama jicho. Mtoto aweza kuzaliwa na ugonjwa uitwao mtoto wa jicho, na mboni yake huonekana nyeupe. Akipasuliwa mapema, aweza kuona. Akingojwa miaka mingi, daktari aweza kulisafisha jicho, lakini ubongo haukujifunza kuona, na mwanga unaoingia haumfai sana. Tena weupe katika mboni waweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, inayoua isipotibiwa. Kwa hiyo mboni nyeupe haingoji hata juma moja.

Tazama mguu. Wako watoto wanaozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alianza katika miaka ya 1940 njia ya kuunyosha mguu huo pasipo upasuaji mkubwa. Mguu hunyoshwa kidogo kidogo kwa mkono, ukafungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila juma. Mara nyingi plasta tano au sita hutosha. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala mpaka miaka minne hivi. Kazi hii huwa nyepesi zaidi ikianzwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hospitali ya CCBRT mjini Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali inapofanywa.

Tazama na sikio. Mtoto kiziwi si mjinga. Lakini asipopewa lugha yoyote, akili yake hukosa chombo cha kufikiria. Simama nyuma ya mtoto ukagonge sufuria. Asiposhtuka, wala asigeuke, mpeleke apimwe. Na wakati huo huo anza kusema naye kwa mikono na kwa uso: onyesha kikombe, fanya ishara ya kunywa, kila siku, nyumba nzima. Atakapokutana na lugha ya alama shuleni, atakuta mlango umekwisha funguliwa.

HAKUNA ALIYEROGA

Wengi huuliza, "Ni nani aliyetenda kosa?" Mume humtazama mke, na mke huwatazama mashangazi wa mume. Nyumba ngapi zimevunjika hivyo! Lakini sababu zajulikana katika mambo mengi. Uchungu ukichukua muda mrefu mno na mtoto akachelewa kulia, ubongo wake hukosa hewa. Mtoto mchanga akigeuka manjano sana asitibiwe, aweza kupoteza kusikia au kupata mtindio wa ubongo. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na surua huacha makovu ya namna hii. Sababu nyingine ni za kuzaliwa nazo, na hakuna aliyezileta. Ndiyo maana yafaa mama ajifungulie hospitalini, amalize chanjo zote za mtoto, wala asingoje kesho mtoto akipata degedege. Kwa watu wa Ngombezi, hospitali ya Magunga iko Korogwe, karibu nao.

MWALIMU WA KWANZA NI MAMA

Baada ya hospitali, mtoto hurudi nyumbani. Hapo ndipo kazi kubwa ianzapo, na haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, Wisconsin, Marekani, walimu waliona kwamba watoto wenye ulemavu wakaa mbali mbali vijijini, na hawawezi kukusanywa darasani. Basi walimu wakawaendea nyumbani, mara moja kwa juma. Hawakumfundisha mtoto peke yake, walimfundisha mzazi. Walichagua jambo dogo moja, kama kushika kijiko; mzazi alilifundisha siku zote za juma, na juma lililofuata wakatazama maendeleo. Njia hii imeenea katika nchi nyingi, kwa sababu mzazi yuko na mtoto saa zote.

Nasi twaweza kuifuata. Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye viungo vyake hukakamaa. Usimlishe amelala chali, maana chakula chaweza kuingia mapafuni. Mpakate wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Mbeleko yetu ni dawa: mtoto abebwe mgongoni miguu ikiwa imepanuka, na ile miguu inayopishana kama mkasi italegea. Mketishe katika beseni lililojazwa nguo pembeni, ili mikono yake iwe huru kushika vitu. Akianza kusimama, fundi apigilie miti miwili ya mkonge iliyokauka, sambamba, kwa kimo cha nyonga zake, apate kushikilia akipiga hatua. Miti hiyo Ngombezi haikosekani. Na baba asiseme hayo ni mambo ya wanawake. Mtoto huyo ni wake pia.

Chagua jambo moja kwa juma. Likifaulu, msifu mtoto, mwongezee jingine. Lisipofaulu, ligawe liwe dogo zaidi. Usiache.

SHULE ZIKO

Makanisa yaliianza kazi hii zamani. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora, na mwaka huo huo Walutheri wakafungua shule ya wasioona Irente, Lushoto. Mwaka 2005 Walutheri waliongeza Irente shule nyingine, iitwayo Rainbow, kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Kutoka Korogwe barabara yaenda Mombo, kisha yapanda milima ya Usambara mpaka Lushoto. Irente si mbali na hapo. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984 kuweka vituo vya elimu vya kuwapima watoto hawa, ili mzazi apate shauri mapema.

Lakini si kila mtoto ahitaji shule ya mbali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Mzazi akiambiwa na shule kwamba hakuna nafasi kwa mtoto wa namna hii, asirudi nyumbani akilia. Amwendee afisa elimu, afuatane na mwenyekiti wa mtaa, na aeleze haki hiyo.

SISI MAJIRANI

Mwisho, neno kwetu sisi tusio na mtoto wa namna hii. Mama yule hufunga mlango kwa sababu ya macho yetu na midomo yetu. Tukimwita mtoto wake kwa kilema chake badala ya jina lake, twaongeza komeo jingine. Tufanye kinyume. Tumwamkie mtoto kwa jina. Tuwaache watoto wetu wacheze naye, maana mtoto hujifunza zaidi kwa mtoto mwenziwe. Siku ya kliniki tumsaidie mama kumbeba, kwa kuwa mtoto wa miaka sita asiyetembea ni mzito, na njia ni ndefu.

Mama naye, leo jioni, amtoe mtoto kibarazani. Amketishe ndani ya lile beseni, ampe kijiko ashike, na watu wapitao wamwone. Juma lijalo ampeleke kliniki. Udongo ukikauka haufinyangiki tena kwa urahisi. Nao hukauka siku kwa siku, huku sisi twangoja.